Mzee wangu wa Kojani na dayalisisi ya tumboni: mbona huku kwetu hatuioni?

mwana_wa_kojani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naombeni mawazo, na mnisamehe maana nitaandika kirefu.

Mzee wangu ana miaka 61, mvuvi, Mkojani asilia, kile kisiwa kidogo cha Pemba, maisha yake yote ni bahari na dago, yaani kambi za wavuvi za mbali na kwao. Presha anayo siku nyingi, ila vidonge akipewa anakunywa wiki mbili, akijiona mzima anaacha. Mwaka huu figo zikagoma. Tukamleta Unguja hali yake mbaya, anatapika, miguu imevimba, hajui yuko wapi, wakamtia mpira wa shingoni siku ile ile kaanza kusafishwa damu. Alhamdulillah kapona kwa maana ya kuwa yuko hai na anakula. Sasa ndo maisha, mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye mashine, na anakaa kwa dada yangu Mwera sababu Kojani hawezi kurudi. Hajalalamika maumivu hata siku moja. Ila kila asubuhi anamuuliza dada "leo upepo gani?" na dada hajui, Mwera nani anaangalia upepo.

Juzi nimekaa na jamaa yuko likizo katoka Maskati, ananambia kule kuna watu wanasafishwa kwa tumbo, nyumbani kwao, spitali wanakwenda mara moja kwa mwezi tu. Mpira unatiwa tumboni, unajaza maji, yanakaa, unayatoa, basi. Nikamwambia yakhe unanichezea. Nikaenda kusoma nikakuta kweli, na si kitu cha jana, hii ya kujaza na kutoa mwenyewe nyumbani ilianza miaka ya 1970. Imenikata maini.

Suali langu: mbona huku kwetu sijamsikia hata mtu mmoja anayo? Kwa akili yangu ya kawaida hii ndo ingetufaa sisi watu wa visiwani kuliko wote. Haitaki umeme, haitaki mashine, haimtoi mtu kwao. Kikwazo ni nini hasa, ni pesa, ni madaktari, au ni sisi tunaonekana wachafu hatuwezi kuaminiwa na mpira tumboni? Na nikitaka kumuulizia mzee naanzia wapi?


kibandamaiti_boy

Waalaykum salaam. Pole na mzee. Mi nnavyojua hiyo kitu hamna hapa, usijisumbue, azoee mashine tu. Baba mdogo wangu mwaka wa nne huu anakwenda na yuko fiti, jioni utamkuta Jaws Corner anapiga dhumna anawatukana wenzake.


mwana_wa_kojani

Ahsante yakhe. Ila baba mdogo wako kwao ni mjini, akitoka kwenye mashine anatembea mpaka barazani pake. Wangu baraza lake liko ng'ambo ya bahari.


nesi_wa_usiku

Pole sana kaka yangu. Mimi ni nesi, nshakaa wodi ya figo miaka kadhaa na mafunzo ya hii ya tumbo nimeyapata bara, nimeiona kwa macho, kwa hiyo ntakwambia nnachokijua na nisichokijua ntanyamaza.

Kwanza wanaosoma wafahamu inavyofanya kazi. Ukichinja mbuzi ukamfungua tumbo unaona ule utando unaong'ara kama nailoni umefunika matumbo. Na sisi tunao. Umejaa vijishipa vya damu vyembamba. Sasa ukitia maji yenye glukosi na chumvi zake ndani ya tumbo, uchafu uliomo kwenye damu unapenya ule utando unaingia kwenye maji, na glukosi inavuta yale maji ya ziada yanayovimbisha miguu. Baada ya masaa manne mpaka sita unayatoa unatia mengine. Mtu mzima kawaida lita mbili, mara nne kwa siku, kila kubadilisha ni nusu saa au zaidi kidogo. Mfuko unautundika juu kama dripu unashuka wenyewe, wa kutolea unauweka chini sakafuni. Hapo kuhusu umeme uko sawa kabisa.

Lakini hujasema kitu kuhusu maji ya kunawa. Adui mkubwa ni tumbo kuingia vijidudu, na njia yao ni pale unapofungua na kufunga ule mpira. Mikono inaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, inakaushwa vizuri, barakoa usoni, madirisha na feni vinafungwa, mtoto haingii, paka haingii. Mara nne kila siku, Jumapili na sikukuu, mwaka mzima, uwe umechoka au una homa. Mara mia umefanya sawa, ya mia na moja umekohoa juu yake. Dalili ni tumbo kuuma na yale maji yanayotoka kuwa na ukungu. Tulifundishwa kuweka gazeti nyuma ya mfuko, ukishindwa kusoma herufi twende spitali saa hiyo hiyo, si kesho. Dawa ipo, tunaitia ndani ya yale yale maji na wengi wanapona wakiwahi. Sasa jiulize mwenyewe, saa nane ya usiku Kojani, kusi linavuma, mzee maji yake yametoka ukungu. Nani anamvusha, na akishavushwa, huko anakofika kuna mtu aliyewahi kuona mfuko huo?

Kuhusu uchafu lakini nakataa. Nimewaona bara watu wa kijijini, wengine kusoma hawajui, wanafanya vizuri kushinda mwalimu wa skuli. Mtu anayeshona nyavu vidole vyake vina akili. Kwa mvuvi mimi ninachoogopa ni zile nyufa za mikononi, kamba na chumvi, vidonda visivyokauka.

Na jambo jengine ambalo watu hawalisemi, angalia mzee wako alivyoingia. Hii ya tumbo inataka upasuaji mdogo wa kutia mpira, halafu kwa kawaida unasubiriwa wiki mbili hivi pakaze ndo uanze kuutumia kwa nafasi. Mtu anayeletwa hajijui hana wiki mbili. Anatiwa wa shingoni, anapelekwa kwenye mashine, na akishaizoea mashine hakuna anayerudi kumuuliza tena ungependa ipi. Wengi wetu figo tunazijua siku zimeshakufa, basi ile ya tumbo inakosa watu mapema kabla hata hujafika kwenye bei.


mwana_wa_kojani

Allah akulipe dada. Hilo la wiki mbili sikulifikiria kabisa. Na kweli hatukuulizwa ila sioni wa kumlaumu, siku ile hata wangenambia wamtie mpira puani ningesaini.


wakala_wa_bandarini

Mie wa figo si wangu, wangu ni mizigo, lakini naona mnazungumza mikono na mnasahau katoni. Ngojeni niwapigie hesabu.

Lita mbili mara nne ni lita nane kwa siku. Kwa mwezi lita 240, mifuko 120. Maji ni maji, lita moja kilo moja, bado plastiki na maboksi, kwa hiyo mgonjwa mmoja kwa mwezi ni robo tani. Mmoja! Wagonjwa ishirini tani tano kila mwezi. Na ni kitu cha kuagizwa nje kwa dola, hakitengenezwi Pemba wala Unguja.

Sasa kontena la futi ishirini linabeba mfano tani ishirini. Una wagonjwa watatu. Wao kwa mwezi wanamaliza kilo mia saba na kitu, maana yake kontena lako moja litawachukua zaidi ya miaka miwili, na dawa ina tarehe ya kumaliza muda, itakufia stoo. Basi unasema utaagiza kidogo kidogo, hapo bei ya kusafirisha inakuua, unasafirisha maji ya chumvi chumvi na sukari kwa nauli ya simu za mkononi. Hata ukisamehewa kila shilingi ya kodi, nauli haisamehewi. Na stoo yenyewe haitakiwi joto, sasa hebu ingia kwenye kontena lililokaa juani bandarini Malindi, hapa Unguja, mwezi wa pili uone kama utatoka na akili zako.

Haya, imefika Unguja. Ipande meli ya Pemba, ishuke Mkoani au Wete, ipande gari, ishushwe, ipande mashua, ibebwe kichwani mpaka ndani. Katoni zikipigwa jua au zikilowa nani anajua mfuko umetoboka? Na kusi likichacha vyombo vinalala bandarini siku mbili tatu. Muuza soda akikosa soda siku tatu anapata hasara. Huyo akikosa maji siku tatu anapata nini?

Kwa hiyo suali la msingi si mzee wako anaweza kunawa mikono. Msambazaji anauliza mna wagonjwa wangapi, unamjibu watatu, anakwambia ukipata mia nipigie. Na spitali nayo haitoi mtu wa kwanza kwa kuwa maji hayapo. Nani atangulie?


mwana_wa_kojani

Robo tani!! Chumba cha mzee kule ni futi kumi kwa kumi na nusu yake ni nyavu na maboya. Mama akisikia katoni anahama yeye.


mie_wa_maskati

Salaam kutoka Maskati. Mama mkwe wangu ndo anafanya hiyo, mwaka wa pili sasa, Mzanzibari aliyehamia huku zamani. Yeye anayo mashine ndogo ya usiku, anajifunga saa tatu usiku inajaza na kutoa yenyewe mpaka alfajiri, mchana yuko huru. Mwanzo alikuwa anafanya ile ya mkono.

Katoni ni kweli, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, wageni wakija tunazitandika kitambaa tunawekea chano cha kahawa. Lakini zinaletwa na gari mpaka mlangoni, na hilo ndo kila kitu. Hatujawahi kuzibeba. Na ana namba ya nesi, anapiga hata usiku anajibiwa kwa jina lake.

Kaugua tumbo mara moja, mwaka wa kwanza, alifanya haraka haraka sababu ya harusi. Kalazwa akapona. Kanenepa kidogo, wanasema ile glukosi ya kwenye maji inaingia mwilini, kwa wenye sukari inabidi dawa zao zirekebishwe. Na anapoteza protini kwenye yale maji kila siku, kwa hiyo daktari anamsukuma ale mayai na samaki. Jamani mtu wa figo anaambiwa kula samaki! Mzee wako wa Kojani hapo atafurahi.

Swala anaswali kama kawaida, rukuu tumbo likiwa limejaa linamlemea, mara nyengine anaswali kitini. Funga, shehe wake kamwambia asifunge atoe fidia, lakini kila mtu amuulize shehe wake. Kinachomuudhi ni jengine kabisa. Anasema mwili wake anauonea haya mbele ya mumewe. Hili hakuna daktari aliyemuuliza.


mbishi_wa_michenzani

Nyote mmesema kweli lakini mnazunguka. Ni pesa tu. Spitali ikishanunua mashine za damu, ikachimba kisima, ikafunga mtambo wa kusafisha maji, ikalipa mafundi, itawaambia wagonjwa wabaki nyumbani? Kila kikao cha mashine kina bei yake na ankara yake. Hii ya nyumbani bei yake haijapangwa, aliyekaa na bima hajui ailipie vipi, kwa mfuko, kwa mwezi, kwa nesi? Kitu ambacho hakina mstari kwenye fomu hakipo duniani.

Na mashine yenyewe si kwamba haina balaa. Mgonjwa mmoja kwa masaa manne anapitishiwa maji kama lita 120, maji yaliyochujwa hasa, na ili upate hayo inabidi umwage mengine mengi. Kisiwa chenye visima vinavyoingia chumvi. Na umeme usikatike.

Waliofanikiwa walifanikiwa kwa kulazimisha. Hong Kong tangu 1985 sera yao ni tumbo kwanza, ukitaka ya serikali unaanza na tumbo mpaka pawe na sababu ya kitabibu. Thailand wakafuata 2008, serikali ikanunua maji kwa jumla kwa nchi nzima na katoni zikawa zinapelekwa majumbani kwa posta. Posta! Meksiko nao wengi wao walikuwa wa tumbo. Hapo bwana bandari kajibiwa, wagonjwa mia hawatokei wenyewe, serikali ndo inawafanya wawe mia kwa siku moja.

Ila tuwe wakweli, Thailand 2022 wakaachia mtu achague, na watu wengi wakakimbilia mashine. Kwa hiyo tusiseme hii ni pepo. Mtu kuchoka na tumbo lake mwenyewe mara nne kwa siku ni jambo linaloeleweka.


nesi_wa_usiku

Mbishi kama jina lako, na kwengine uko sawa, lakini usimfanye kila daktari mchuuzi. Daktari anaagiza kile alichofundishwa. Akisoma pahala ambapo hajamtunza hata mgonjwa mmoja wa tumbo mwaka mzima, unataka awe na ujasiri wa kukutia mpira halafu akurudishe Kojani? Akiharibikiwa mgonjwa wa kwanza, mradi umekufa, watu watasema tulikwambieni.

Na nikwambie kinachoua miradi hii hata pesa ikiwepo. Ni karatasi ya uhamisho. Huduma hii mgongo wake ni nesi, anafundisha mgonjwa wiki moja au mbili, anakwenda kuona nyumba, anapokea simu. Unampeleka mmoja masomoni, anarudi, anaanza vizuri, miezi minane kahamishiwa wodi ya wazazi. Kila alichokijua kimeondoka naye na hakuna aliyeandika. Sitaji pahala, lakini nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Nilikuwa ni mimi mara moja.


mkaazi_wa_giza

Mnaosema umeme usikatike mnanikumbusha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima miezi mitatu bila umeme kwa kuharibika kebo ya baharini. Vijana hamjui. Majenereta mji mzima, maji ya kubebeshwa kwenye madumu, barafu ikawa kama dhahabu. Mgonjwa wa mashine wakati ule angekwenda wapi? Kwa hiyo ukiniuliza mie kisiwa kuwa na njia mbili si anasa.

Na kitu kimoja hamjakitaja. Hii ya tumbo Tanzania si ngeni kiasi hicho. Spitali ya KCMC Moshi walianza 2009 kuitumia kwa watu ambao figo zimesimama ghafla, si za kudumu, mfano malaria kali, mtoto kaharisha mpaka kakauka, mama kapoteza damu kwenye uzazi. Hao unawasafisha siku chache figo zinaamka wenyewe, anarudi nyumbani mzima. Pale huhitaji kontena la miezi, wala posta. Na miongozo ya kimataifa inaruhusu spitali isiyo na maji ya kiwandani ichanganye yake, dripu za kawaida kama Ringa zikaongezwa glukosi kwa kipimo. Mie ningeanzia hapo, Pemba hasa. Madaktari na manesi wakishaizoea kwa mtoto wa kusafishwa siku tano, huyo mzee wa kusafishwa miaka mitano hawatomuogopa.


nesi_wa_usiku

Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Ila naomba kwa herufi kubwa, KUCHANGANYA NI SPITALINI TU kwa watu waliofundishwa. Asije mtu akasoma hapa akanunua dripu duka la dawa.


kibandamaiti_boy

Mi nna suali la kijinga. Hiyo mifuko 120 kwa mwezi ikishamwagwa inakwenda wapi? Sisi mifuko ya plastiki tushapigwa marufuku siku nyingi. Naiona kabisa Kojani mzima watu wanaifungia achari.


mie_wa_maskati

😂😂 Huku inatupwa kwenye taka maalumu. Maji yanamwagwa chooni, mfuko unafungwa. Lakini si suali la kijinga hata kidogo, kwa kisiwa kidogo kile ni mzigo.


wakala_wa_bandarini

Achari ya ndimu kwenye mfuko wa lita mbili, biashara hiyo.


nesi_wa_usiku

Mwana wa Kojani umeuliza unaanzia wapi na hatujakujibu. Unaanza na daktari wake wa figo, muulize wazi wazi, usione haya. Lakini kabla hujakwenda jua mambo matatu. Moja, mzee bado anakojoa? Kiasi gani kwa siku nzima? Figo ikiwa bado inatoa kidogo, hii ya tumbo inamfaa zaidi, na ule mkojo mara nyingi unadumu zaidi kwa tumbo kuliko kwa mashine, ndo maana muda nao ni muhimu. Mbili, ashawahi kupasuliwa tumbo? Makovu ya ndani yanagandisha matumbo, maji hayazunguki. Tatu, ana ngiri? Lita mbili zikikaa tumboni ngiri inatoka nje kama embe, itabidi ishonwe kwanza. Wavuvi wengi wanazo na hawasemi.

Na nikuweke wazi, hata akipata, kuvuta jarife na nanga na maji tumboni basi tena, na kuzamia baharini na kile kidonda cha mpira hakutaki mchezo. Atakuwa Kojani, hatokuwa dago.


mwana_wa_kojani

Salaam tena, samahani nimekaa wiki nzima sijaandika, nilikuwa nafuatilia.

Nimekwenda kwa daktari wake. Nilidhani atanicheka, hakucheka, kanikalisha kama dakika ishirini na foleni nje inanitukana. Kasema anaijua vizuri na angependa, lakini kwa sasa hana maji ya kumpa, basi, maneno hayo hayo ya bwana bandari. Kasema pia hata yangekuwepo asingempeleka Kojani kwa miezi ya mwanzo, angemtaka akae karibu mpaka wamuamini na yeye ajiamini. Halafu kaniuliza yale yale matatu, nikajibu moja tu, hajapasuliwa. Kanambia mengine nikayatafute niyaandike, yawemo kwenye faili, siku yakipatikana maji nisianze kutafuta siku hiyo.

Ngiri anayo. Upande wa kulia, kaificha tangu mie niko skuli ya msingi, mama anajua, sisi watoto hatujui. Kakubali kuonyesha baada ya dada kutoka chumbani.

Nimemuonyesha haya mliyoandika, nikamsomea. Ya mie wa maskati kuhusu samaki kanambia nirudie mara mbili. Ya nesi kuhusu dago kanyamaza kidogo, kasema "mtu kukaa pwani akawaona wenzake wanapakia si mbaya", akabadilisha maneno.

Sasa tunapima mkojo. Nilichukua jagi la plastiki lenye mistari jikoni kwa dada, mzee kaliangalia kasema hili si la sharubati? Dada kaja juu kweli kweli, nimemnunulia jengine Darajani. Jana masaa ishirini na nne limetoka nusu lita na vidole viwili. Leo tunaanza tena, nimeandika saa kwenye karatasi nimebandika mlango wa choo.